Kumsugua mtoto meno na kuyapitisha uzi: mwongozo wa mzazi wa Mombasa, tangu jino la kwanza hadi miaka 8

Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 5 aliponiamsha saa tisa usiku, mkono umeshika shavu. Nikawasha tochi ya simu, nikamwambia apanue kinywa. Meno ya mbele meupe kama tui. Nikamwambia hamna kitu, rudi ulale. Kulipokucha shavu limefura. Daktari wa meno akanionyesha kwa kile kioo chao kidogo: magego mawili ya chini, upande wa kulia, yameoza pale yanapogusana, pembe ambayo mswaki haukuwahi kufika hata siku moja. Na mtoto alikuwa akipiga mswaki kila siku. Nilikuwa nikimsikia bafuni, maji yanamwagika, anaimba. Nilisikia tu, sikuwahi kuingia kutazama.

Gego moja lilizibwa, la pili likang'olewa. Tangu siku ile kazi ya meno ya usiku nyumbani kwetu ni yangu mimi baba, na nimeifanya kwa watoto watatu: huyo ambaye sasa ana miaka 11, wa kati wa miaka 6, na kitinda mimba wa miaka 2 anayeuma kama kaa. Ninayoandika hapa ni niliyoelezwa na madaktari wa meno, pamoja na niliyojifunza kwa kuumwa vidole.

Jambo kubwa ni hili: mtoto wa chini ya miaka 7 au 8 hupiga mswaki, lakini anayesafisha ni mzazi. Mkono wake bado hauwezi kugeuza mswaki nyuma ya gego la mwisho, kama vile hauwezi kupasua samaki akatoa miba. Mpe mswaki ajaribu, ajizoeze, afurahi. Kisha upokee.

"Si yatang'oka tu?"

Mama yangu aliponikuta nimemlaza mjukuu wake mkekani, nimempanua kinywa, aliniambia, "Wewe nawe, mwana wamtesa bure. Meno ya kitoto hayo, si yatang'oka tu?" Yatang'oka, mama. Lakini lini?

Meno ya maziwa ni 20. Ya mbele huanza kulegea mtoto akiwa na miaka 6 au 7, na hayo ndiyo watu wanayoyakumbuka, kwa sababu pengo la mbele huonekana na kuchekwa. Magego hukaa mpaka miaka 10, 11, hata 12. Gego likitoboka mtoto akiwa na miaka 4, bado analihitaji kwa kutafunia miaka 6 au zaidi. Likitolewa mapema, meno ya jirani husogea kuziba nafasi, na jino la ukubwani likija hukuta njia imebanwa, linachomoza upande. Tena enameli ya jino la maziwa, lile gamba gumu la juu, ni nyembamba kuliko ya jino la mtu mzima. Tundu likianza haliko mbali na kiini chenye mshipa wa fahamu.

Adui ana jina zuri la Kiswahili: ukoga. Ni ule utando laini unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Ndani yake wamo vijidudu hai wanaokula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo. Mate huiosha na kuyarudisha baadhi ya madini, ila huhitaji muda. Kwa hivyo mtoto aliyekula kipande cha halua akamaliza, yu salama kuliko yule aliyepewa kipakiti cha mabuyu saa nane akamumunya moja moja mpaka magharibi. Hesabu ya daktari ni mara ngapi sukari imeingia kinywani, kuliko ni nyingi kiasi gani. Usiku mate hupungua, kinywa hukauka, na ukoga hufanya kazi bila wa kuuzuia. Ukishindwa na mswaki wa asubuhi kwa sababu matatu ya shule inapiga honi nje, haya. Wa usiku usiuache.

Vifaa

Mswaki uwe na kichwa kidogo na nywele laini. Kipimo changu: kichwa cha mswaki kifunike magego mawili ya mtoto, kisizidi sana hapo. Mswaki wa mtu mzima, hasa ule mgumu, haugeuki ndani ya kinywa kidogo na huchubua fizi. Ubadilishe kila miezi 3, au mapema zaidi nywele zikitawanyika kama ufagio wa makuti uliochoka. Kwa watoto wanaotafuna mswaki hiyo miezi 3 haifiki.

Hali yetu ya pwani ina mambo yake. Joto na unyevunyevu hufanya mswaki usikauke, kwa hivyo usiufungie ndani ya kifuniko cha plastiki ukiwa umelowa. Usimamishe wima, kichwa juu, penye hewa. Na uwe mahali mende hawafiki. Sisi tumetundika kikombe juu ya ndoano ukutani baada ya usiku mmoja ambao sitaki kuusimulia.

Mswaki wa mti, ule unaouzwa vifurushi vifurushi nje ya misikiti, ni kitu chema na ni sunna, na mtoto akitoka chuoni anautaka kwa sababu ustadhi anao. Mpe mchana, ausugulie meno ya mbele. Lakini nyuzi zake ni ngumu kwa ufizi wa mtoto mdogo, na kijiti kilichonyooka hakifiki upande wa ndani wa magego. Usiku tumia mswaki wa nywele laini.

Dawa ya meno iwe na floraidi, kwa sababu hayo ndiyo madini yanayolifanya jino listahimili tindikali. Soma ubavuni mwa tyubu: itafute namba ya ppm, kipimo cha floraidi iliyomo, na iwe 1000 au zaidi. Baadhi ya dawa za watoto zenye katuni na ladha ya stroberi hazina floraidi kabisa, basi usinunue kwa picha. Kiasi ndicho watu wanachokosea. Chini ya miaka 3, paka alama tu, ukubwa wa punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, punje moja ya mbaazi. Ile dawa iliyojaa mswaki wote na kujikunja juu kama aiskrimu ni ya matangazo.

Kuna wanaoiogopa floraidi, na woga wao una asili. Mtu aliyekulia sehemu fulani za Bonde la Ufa, kama Nakuru na Naivasha, huenda ana meno yenye madoa ya kahawia. Yale hutokana na floraidi nyingi iliyomo katika maji ya visima vya huko, yaliyonywewa siku baada ya siku katika miaka ambayo meno yalikuwa bado yanajengeka ndani ya taya. Punje ya mchele mara mbili kwa siku haifiki huko. Ila tyubu yenyewe iweke juu. Mtoto akiifungua akala nusu, inaweza kumdhuru, si tumbo kumuuma tu.

Mkaa, majivu na chumvi tuviache kwa hadithi za wazee. Mkaa husugua enameli kama msasa, na hauna floraidi.

Na maji? Kisiwani na mitaa mingi ya bara tunaoga kwa maji ya kisima yenye chumvi. Kwa meno chota nusu kikombe cha maji matamu ya kunywa. Yanatosha, maana kama utakavyoona, mtoto hahitaji kusukutua sana.

Kabla ya jino, na jino la kwanza

Kabla halijaota, pangusa fizi kwa kitambaa safi kilicholowa, mara moja kwa siku wakati wa kuoga. Faida yake kubwa ni kuwa mtoto anazoea kidole chako kinywani.

Jino la kwanza kwa kawaida ni la chini mbele, karibu na miezi 6. Wapo wa miezi 4, wapo waliotimiza mwaka bila jino, na yote ni kawaida. Siku lilipochomoza ndiyo siku mswaki unapoanza, na dawa ile ya punje ya mchele. Magego ya kwanza hufuata baada ya mwaka mmoja hivi, chonge baadaye kidogo, na magego ya mwisho ya utotoni katikati ya miaka 2 na 3.

Hapa kuna jambo la kusema kwa sauti. Meno yakiota mtoto hutoa udenda, hutafuna kila kitu, hulialia. Homa kali na kuharisha si dalili za meno. Hayo yampeleke hospitali. Afrika Mashariki kuna watu wanaowaambia wazazi kuwa mtoto ana "meno ya plastiki", kisha wanaukata ufizi na kuzichimbua chonge changa ambazo hazijatoka. Watoto hupata maambukizi, wengine hupoteza maisha, na wanaopona huenda wakaota chonge za ukubwani zilizoharibika. Akikuambia mtu hivyo, mchukue mwanao uondoke.

Kumshika

Hapa ndipo wazazi wengi wanaposhindwa, nami nilishindwa miezi. Nilikuwa nikisimama mbele ya mtoto, nachungulia, yeye anageuza uso. Huwezi kusafisha usichokiona, na ukiwa mbele yake unaona meno ya mbele tu.

Mtoto wa chini ya miaka 3 mlaze. Kaa mkekani au kitandani, unyooshe miguu, kichwa chake kiwe mapajani mwako, uso wake ukitazama dari na miguu yake ikielekea mbali nawe. Sasa unamtazama kutoka juu, kinywa chote kiko wazi, na taa iko nyuma ya bega lako. Mkono wa kushoto unashika kidevu na kuinua mdomo. Wa kulia unasugua. Akiwa mkaidi tafuteni watu wawili: kaeni mkitazamana, magoti yaguse magoti, mtoto alale juu ya mapaja yenu. Mmoja ana kichwa, mwingine ana mikono na miguu, na huyo mwingine ndiye wa kumchekesha. Daktari wetu wa meno huwatazama wadogo kwa namna hii hii.

Kuanzia miaka 3 au 4 anaweza kusimama. Simama nyuma yake, nyote mtazame kioo, kichwa chake kiegemee tumbo lako na kuinuka kidogo. Mkono wa kushoto unazunguka kidevu.

Kuna siri moja ambayo ingeniokolea vilio vingi. Ukiinua mdomo wa juu wa mtoto utaona kikano kidogo katikati, kinachounganisha mdomo na ufizi. Mswaki ukikigonga panauma sana, na mtoto hakusahau. Weka ncha ya kidole cha shahada juu ya kikano hicho wakati unasugua meno ya mbele ya juu, mswaki uteleze juu ya kucha yako. Kitinda mimba aliacha kupiga kelele wiki ile ile nilipojua hili. Mwezi mzima nilikuwa nimemwita mtundu.

Akilia, kinywa kiko wazi. Sugua polepole umalize, kisha umpakate. Usimfinye, wala usimwambie kuwa asipotulia daktari atamng'oa meno. Siku utakapomhitaji daktari huyo utajuta.

Njia ya mswaki

Subira ya mtoto ni fupi, kwa hivyo anza na mahali panaposahaulika. Mimi huanza ndani ya magego ya chini, upande wa ulimi. Hapo ndipo ukoga hulala, na ulimi husukuma mswaki utoke. Laza mswaki ukielekea ufizi, mshazari, nusu ya nywele juu ya jino na nusu juu ya ukingo wa ufizi, uzungushe vimviringo vidogo vidogo. Usisukume kwa nguvu. Ukiona nywele zinajikunja, umezidisha. Hesabu kumi, sogea kwenye meno mawili yanayofuata.

Kisha nje ya magego ya juu, kati ya jino na shavu. Hapa wengi humwambia mtoto apanue kinywa zaidi, na ndiyo kosa lenyewe: shavu likikazwa, nafasi huziba. Mwambie afunge nusu. Shavu litalegea na mswaki utapita mpaka nyuma ya gego la mwisho.

Halafu juu ya magego, pale panapotafuna, sugua mbele na nyuma, maana penye mifereji vimviringo havisaidii. Kisha pande zilizobaki. Ndani ya meno ya mbele simamisha mswaki wima. Meno ya mbele upande wa nje yawe ya mwisho, kwa sababu hata mtoto mwenyewe huyafikia. Malizia na ulimi, mara mbili tatu kutoka nyuma kuja mbele. Yote ichukue dakika 2, ambazo ni ndefu kuliko unavyodhani; pima mara moja kwa simu ushangae.

Dakika 2 zinahitaji hadithi. Kwetu mswaki ni feri ya Likoni. Kila upande wa kinywa ni safari moja, na safari ni nne. "Abiria wamepanda?" nauliza. "Bado mkokoteni!" anajibu wa kati, kinywa kimejaa povu. Tunangoja mkokoteni wa ndizi, kisha mlango unapandishwa na feri inaondoka. Sharti la mchezo ni kuwa feri haigeuki katikati ya maji. Akitaka kusimama, aseme kabla haijaondoka au baada ya kufika. Tangu tuanze hilo hatujabishana katikati ya gego. Siku akichoka feri tunavua: "Nimeona tafi hapa… lo, changu amejificha nyuma ya gego!" Ukiwa na wazo lako, tumia lako.

Mwisho, ateme tu. Asisukutue kwa maji mengi, maana yataiondoa floraidi iliyobaki kwenye meno kabla haijafanya kazi. Mdogo asiyejua kutema, mpanguse povu kwa kitambaa. Alichomeza cha punje ya mchele hakina neno. Baada ya mswaki wa usiku hakiingii kitu kinywani isipokuwa maji.

Akifika miaka 6 chungulia nyuma kabisa. Gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego ya maziwa, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni lile. Hilo ni la maisha. Kwa miezi kadhaa huwa fupi kuliko wenzake, mswaki unalipita juu kwa juu. Lisugue peke yake, mswaki ukiingia kwa upande wa shavu. Muulize daktari kuhusu kulipaka kizibo cha mifereji. Ni kazi ya muda mfupi, haina sindano.

Uzi wa meno

Kila msimu wa maembe mtoto hukujia akivuta midomo, "Baba, kuna uzi umeingia." Unautoa ule unyuzi wa embe, mambo yanaisha. Lakini pale ulipokwama unyuzi ndipo ukoga unapokaa mwaka mzima, na ukoga hauwashi, hauumi, hauletwi kwa baba. Nywele za mswaki haziingii kati ya meno mawili yanayogusana. Ndivyo ilivyokuwa kwa kifungua mimba wangu.

Meno yenye mwanya hayahitaji uzi, mswaki unatosha. Anza pale mawili yanapogusana. Kwa watoto wengi meno ya mbele ya maziwa yana nafasi, na yanayobanana ni magego, kuanzia miaka 3 hivi. Hii ni habari njema, maana kazi inakuwa ndogo: milango minne tu, mmoja kila upande, juu na chini, kati ya gego la kwanza na la pili. Gego la ukubwani likija milango inakuwa minane. Mara moja kwa siku, usiku, kabla ya mswaki.

Kata uzi urefu wa dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama sentimita 45. Uviringe kwenye vidole vya kati vya mikono yote miwili, ubakishe kipande kifupi cha sentimita 2 au 3 kilichokazwa kati ya vidole vya shahada. Ukiona vidole havitoshi kinywani, funga ncha zake fundo upate duara kama bangili kubwa, ushike popote. Kwa mtoto hii ni rahisi zaidi. Mlaze kichwa mapajani, hata kama ana miaka 6. Kwa uzi, kioo hakisaidii.

Uingize kwa kuusogeza huku na huku polepole, kama msumeno usio na haraka. Usiusukume ukadondoka kwa kishindo. Ufizi utakatika na kesho hutapewa kinywa. Ukishapita, uvute kuelekea jino moja mpaka ulikumbatie kama leso inavyokumbatia kiuno, kisha uupandishe na kuushusha mara tatu nne, ukifika chini kidogo ya ukingo wa ufizi. Usiutoe bado. Urudishe upande wa pili, ulikumbatie jino la jirani, ufanye vivyo hivyo. Hapo umesafisha kuta mbili. Sogeza kipande kipya cha uzi, nenda mlango unaofuata.

Zipo nyuzi zenye mpini mdogo wa plastiki, zinauzwa kwenye maduka ya dawa na supamaketi. Kwa kitinda mimba natumia hizo, mkono mmoja unatosha. Hazikumbatii jino vizuri kama uzi wa mkono, lakini uzi unaotumika ni bora kuliko uzi bora uliomo kabatini. Uzi wa cherehani au unyuzi wa kiroba usitumie, unakata. Vijiti vya kuchokolea meno si vya watoto.

Siku za mwanzo damu kidogo inaweza kutoka. Ufizi umevimba kwa sababu ya ukoga uliokaa, na ukiendelea kwa upole hukoma ndani ya siku chache. Ikizidi wiki mbili, nenda ukaonyeshe. Na uzi ukichanika mahali pale pale kila usiku, ama ukikwama, huenda pana tundu.

Saa za Mombasa

Chupa ya chai ya maziwa kitandani ndiyo mharibifu namba moja ninayemwona mitaani kwetu. Mtoto analala nayo, sukari inalowa meno ya juu ya mbele usiku kucha. Ya chini hukingwa na ulimi. Ukiona meno manne ya juu yamekuwa kahawia na ya chini ni mazima, ni chupa. Chupa ya kitandani iwe na maji. Kuikatisha ghafla ni vita. Sisi tulipunguza sukari, kisha chai yenyewe, usiku baada ya usiku, mpaka ikabaki maji na akaichoka.

Juisi ya ukwaju, achari ya embe, juisi ya miwa yenye ndimu: tindikali yake hulainisha uso wa jino kwa muda. Mpe maji asukutue, ungoje kama nusu saa ndipo usugue. Vivyo hivyo akitapika.

Ramadhani ratiba yote hupinduka. Futari ina tende, kaimati zenye shira, tambi za sukari, na mtoto anakula tena wakubwa wakirudi tarawehe, kisha analala hapo hapo kwenye jamvi. Mimi humsugua kabla ya tarawehe nikijua atakula tena, halafu humpangusa meno kwa mswaki mtupu akiwa amesinzia. Si kamili. Anayeamshwa daku apige mswaki baada ya daku, kabla ya adhana.

Dawa za maji za kikohozi nyingi zina sukari. Mpe kabla ya mswaki, siyo baada.

Kukagua, na lini kwenda kwa daktari

Mara moja kwa mwezi inua mdomo wa juu mbele ya dirisha, mchana. Tafuta mstari au doa jeupe kama chokaa karibu na ufizi. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuoza, na bado inaweza kurudi nyuma kwa mswaki, floraidi na kupunguza sukari. Likigeuka kahawia au likibonyea, nyumbani pameshindwa. Kijipu kwenye ufizi, shavu kufura au homa pamoja na maumivu ya jino, nenda siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ulizoachiwa na jirani. Jino la maziwa likidondoka kwa kuanguka halirudishwi, lakini aonwe.

Ziara ya kwanza ifanywe mtoto akitimiza mwaka, hata kama hana tatizo. Daktari anaweza kumpaka vanishi ya floraidi, inayochukua dakika chache. Coast General pana idara ya meno, na kliniki za binafsi zimejaa mjini. Piga simu kwanza uulize kama wanawaona wadogo, maana si wote wenye subira nao.

Kukabidhi mswaki mimi hutumia kipimo hiki: akiweza kufunga kamba za viatu vyake vizuri na kuandika bila kutoka nje ya mstari, mkono umekomaa. Kwa wengi ni miaka 7 au 8. Hata hapo unabaki mkaguzi. Kwangu mkaguzi ni ukucha: namkwangua jino moja la nyuma, karibu na ufizi. Ukitoka safi, akalale. Juzi nilimkwangua kifungua mimba, na miaka yake 11, na ndevu anazongojea. Ukucha ulitoka na uji mweupe. Tukautazama wote wawili chini ya taa. Akarudi bafuni akinung'unika, nikamsikia akisugua muda mrefu, na safari hii hakuimba.